YAH: MALALAMIKO KUHUSU MALAZI NA MAEGESHO YA GARI, ASSISI, ITALIA

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hamjambo na kazi zinaendelea. Sisi tulirudi salama kwa uwezo wa Mungu, si kwa uwezo wenu.

Mkataba wa hija mliyotuandalia mnao, sina haja ya kuunakili. Kifungu cha malazi mlikiandika wenyewe: ndani ya kuta za mji, karibu na Basilika, maegesho yapo. Naomba mnieleze "karibu" yenu inapimwa kwa kitu gani. Basilika ya Mtakatifu Fransisko iko mwisho wa mji, upande wa chini. Nyumba mliyotupangia iko juu, nyuma ya Kanisa Kuu la San Rufino, njia ya kupanda ngome ya Rocca Maggiore. Ukienda ni mteremko, ukirudi ni mlima, na chini ni mawe matupu. Halafu chumba kiko ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Magoti ya Mama niliyaandika kwenye fomu yenu, sehemu ya afya ya msafiri, kwa herufi kubwa.

Tuje kwenye maegesho. Assisi imekaa ubavuni mwa mlima Subasio na vichochoro vyake vilijengwa enzi za punda. Kwenye malango kuna bango la duara, jeupe lenye ukingo mwekundu, la kukataza magari yasiyo na kibali, na kamera. Mgeni mwenye chumba ndani anaweza kuruhusiwa kupita ili ashushe mizigo, mradi mwenye nyumba awe amepeleka namba ya gari manispaa. Namba ya gari niliwatumia tukiwa bado uwanja wa ndege wa Fiumicino, Roma. Zile tiki mbili za buluu za WhatsApp ninazo hadi leo, kwa hiyo mliisoma. Mkaishia kuisoma.

Ndiyo maana saa tatu usiku, mvua ikinyesha, Mama yangu mwenye miaka 71 alikuwa amekaa juu ya begi lake kwenye kichochoro, mbele ya mlango uliofungwa. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku cha chuma ukutani, cha kufungua kwa tarakimu nne. Tarakimu hizo mlipaswa kutupa ninyi. Nikampigia afisa wenu wa zamu. Akasema: "Dada, mimi hayo ya namba sijui, niliyempokea zamu hakuniachia maelezo. Gongeni kwa majirani, Ulaya watu ni wastaarabu." Akakata simu.

Wakati huo mdogo wangu anazunguka na gari. Mistari ya njano ni ya wakazi na wenye vibali, kwa hiyo hapaegesheki. Akatoka lango moja, akaingia jingine, akarudi kutuchukua, akatoka tena. Alikuwa akifuata ramani mliyomtumia ninyi, ile inayofika hadi mlangoni kana kwamba ni Sinza. Kila alipopita, kamera ikapiga picha.

Faini zake ndizo hizo zimekuja. Kwanza kampuni ya magari ilikata kwenye kadi yake ada ya kupeleka jina lake kwa polisi wa manispaa, kila kosa na ada yake. Kisha faini zenyewe zikafuata kwa posta, na hakuna iliyo chini ya euro 80. Sheria yao inapunguza asilimia 30 ukilipa ndani ya siku 5. Niliwaandikia siku ileile barua zilipofika, mkanijibu "tunalifanyia kazi". Siku 5 zikapita mkilifanyia kazi.

Narudi kwenye ile simu, maana sijamaliza. Nilikuwa nimeweka sauti ya nje ili mikono yangu ishike mwavuli juu ya kichwa cha Mama. Kwa hiyo alisikia yote. Alisikia televisheni nyuma ya afisa wenu, mpira unatangazwa. Alisikia akiambiwa agonge milango ya watu usiku katika nchi asiyojua hata kusalimia kwa lugha yake, yeye aliyewalipa kwa fedha za kikoba alizoweka kidogo kidogo kwa miaka. "Gongeni kwa majirani." Kabla simu haijakatika nilisikia akicheka, sijui kama ni sisi au ni mpira. Nikapiga tena, haikupokelewa. Nilitaka kumwandikia maneno, Mama akanizuia: "Muache, mwanangu, asije akafukuzwa kazi." Meneja, huyo ndiye mteja mliyemwacha kwenye mvua.

Vyumba mjini vilikuwa vimejaa. Kijana Carlo Acutis, aliyezikwa hapo Assisi, alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, sisi tumefika Oktoba, na mahujaji wa kaburi lake walikuwa kila kona. Wakala wa hija asiyelijua hilo anauza nini? Tulishuka hadi Santa Maria degli Angeli, kule tambarare kwenye stesheni ya treni, tukalipa hoteli kutoka mfukoni mwetu. Ilikuwa na maegesho mlangoni.

Asubuhi sista mmoja wa pale alitueleza kwa dakika moja kazi mliyolipwa kuifanya. Gari linaachwa Mojano au Porta Nuova, nje ya kuta, halafu ngazi za umeme zinakupandisha mjini umesimama tu. Na kuna maegesho ya kulipia Piazza Matteotti, hapo hapo karibu na San Rufino. Yaani jirani na nyumba mliyotupangia! Maegesho yalikuwepo kweli, ila ofisi nzima hakuna aliyejua yako wapi.

Nadai mnirejeshee fedha za malazi ambayo hatukulala, gharama ya hoteli ya dharura, faini zote na ada za kampuni ya magari. Risiti nimeambatisha. Nilidhani ningeishia hapo, lakini nikiisoma tena barua yangu naona hapana: nadai pia gharama yote ya safari ya Mama, na barua ya kumwomba radhi yeye, kwa jina lake, yenye saini yako wewe mwenyewe. Sitaki ile ya "Huduma kwa Wateja".

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, shauri hili litakuwa Tume ya Ushindani na kwa wakili wangu, na fidia ya usumbufu itaongezwa juu yake.

Tena nimesikia mmepeleka vipeperushi parokiani kwetu vya hija ya Oktoba 2026, miaka 800 tangu Mtakatifu Fransisko afariki. Mama ni mweka hazina wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Kikao chao ni mwisho wa mwezi, na ameombwa aeleze safari yake ilikuwaje. Mimi ndiye nitakayempeleka, na simu yangu yenye zile tiki za buluu nitakuwa nayo.

Wasalaam,

Mteja wenu (jina na namba ya ankara mnavyo)

Nakala:
Paroko
Mwenyekiti wa WAWATA, parokiani
Wakili