Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kusikiliza Hadithi Fupi za Mwisho wa Karne ya 19

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoagiza, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Tulikutana mara 12, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na shughuli zilikuwa zile mnazozijua: tulisikiliza, tukanywa chai, tukabishana. Tulipitia mwandishi wa Marekani Kate Chopin, ambaye hadithi yake ya mwaka 1894 iliisha kabla chai haijapoa, na visa vya mpelelezi Sherlock Holmes vilivyoanza kutoka katika jarida la The Strand mwaka 1891. Rekodi tulizipata bure kwenye tovuti ya LibriVox, ambako tangu mwaka 2005 watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki zake zimekwisha. Kazi ya kumtafuta msomaji mwenye sauti inayovumilika niliifanya peke yangu, usiku, kwa bando langu, wala sijawahi kukidai chama hata senti.

Sasa nije kwenye suala la Mei, maana najua ndilo linalosubiriwa.

Mwezi huo tulisikiliza hadithi ya Mfaransa Maupassant kuhusu mkufu, iliyotoka katika gazeti la Le Gaulois la Paris mwaka 1884. Mathilde Loisel anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake, Bi. Forestier, anaupoteza usiku wa dansi, na yeye na mumewe wananunua mwingine kwa faranga 36,000, nusu yake ikiwa urithi wa mume na nusu mikopo iliyowachukua miaka 10 kuilipa. Alipokutana tena na rafiki yake huko Champs-Élysées na kumweleza ukweli wote, nilizima spika, nikatangaza kwamba jibu la Bi. Forestier tungelisikia Juni.

Wanachama 9 walisaini barua ya malalamiko, hoja yao kuu ikiwa kwamba gazeti lile halikuwakatia wasomaji wake utamu, bali liliitoa hadithi nzima kwa siku moja. Ni kweli, na silipingi hilo. Lakini msomaji wa gazeti ana macho, na macho ni wezi: huteremka chini ya safu kabla ya wakati wake, ilhali sikio hupokea kile linachopewa tu. Katika mwezi ule wa kusubiri, mwanachama mmoja alikumbuka kwamba sonara, ambaye jina lake lilikuwa ndani ya kasha, alisema si yeye aliyeuza mkufu ule, yeye alitoa kasha tu. Dalili ilikuwa imepita masikioni mwetu sote, mimi nikiwemo. Nani angeirudia sentensi hiyo kama angekuwa ameshaambiwa kwamba mkufu ulikuwa wa bandia, usiozidi faranga 500? Juni walihudhuria wanachama 29, idadi kubwa kuliko zote mwaka huu. Julai walikuja 11, lakini sioni kwa nini Julai iwekwe juu ya kichwa changu. Kwamba sikuishirikisha kamati tendaji ninakubali, kwa kuwa uamuzi ulinijia kidole kikiwa tayari kwenye kitufe.

Mahudhurio kwa jumla yanasikitisha. Oktoba, tulipomsikiliza Iona, mhusika wa mwandishi Mrusi Chekhov, yule mwendesha gari la farasi wa mwaka 1886 anayetafuta mtu wa kumsimulia kifo cha mwanawe, na hatimaye akamsimulia farasi wake, tulikuwa 6 ukumbini, na mmoja wetu alikuwa mlinzi wa jengo.

Kuhusu fedha, wanachama 41 kwa ada ya shilingi 5,000 kwa mwezi walipaswa kuchangia 2,460,000. Zilizopatikana ni 1,140,000. Ukumbi ulichukua 480,000, spika 380,000, chai na maandazi 215,000, na zimebaki 65,000. Waliokamilisha ada ni 14. Kina Loisel walilipa deni lao hadi faranga ya mwisho, tena kwa kitu cha bandia. Spika yetu ni halisi.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata ukumbi wa bei nafuu, na pengine kuanza kurekodi wenyewe tafsiri za Kiswahili, hali ikiruhusu. Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi mtu wa mwisho atakapotoka.

Mwenyekiti