Rukia, Alhamisi usitoke kwanza

Rukia mwenzangu,

Salaam aleikum. Ile ya "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu" tuliyofundishwa shuleni, leo naiandika kwa maana yake kamili, kwa sababu hofu ninayo kweli. Nimeisikiliza sauti uliyonitumia jana usiku. Kiti chako cha magurudumu cha umeme kimefika, kaka yako kakitoa bandarini, na Alhamisi unataka kwenda nacho sokoni Mgandini peke yako ili Bi Mwanaisha aone kwamba huhitaji tena mtu wa kukusukuma. Nilicheka, kisha usingizi ukakata. Na sauti sikutumi, maana zangu unazisikiliza huku unachambua mchicha. Hii ukae uisome.

Hongera kwanza. Najua kile cha kusukuma kwa mikono kilivyokumaliza mabega, na kila safari mpaka umsake Kassimu, ambaye hapatikani ila saa ya kula. Hiki kitakufungulia mengi. Ila kama ndicho nilichokiona kwenye picha, chenyewe na betri zake kinapita kilo mia, bado wewe juu. Kile cha zamani kikimgonga mtoto unasema pole mwanangu. Hiki kinavunja mguu.

Kabla hujafanya lolote, tazama chaja. Kiti kimetoka Marekani, na umeme wa kule ni volti 120, wetu 230. Igeuze, kuna kibandiko, tafuta palipoandikwa INPUT. Ukikuta 100-240, alhamdulillahi, tafuta kichwa cha plagi tu. Ukikuta 115 au 120 peke yake, usiichomeke ukutani, itaungua, na ikiwa bahati mbaya itaondoka na betri. Piga picha unitumie. Na Kassimu asikuletee chaja ya pikipiki ya mtu eti betri zote ni betri. Za kiti ni mbili za volti 12, zimeungwa zikawa 24, na chaja ya betri za asidi na ya lithiamu hazishiriki.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Wewe unaogopa bodaboda, umesema mwenyewe. Mimi nakuogopea mikono ya watu.

Inama, au mwambie Halima ainame, atazame chini karibu na mota. Kila gurudumu kubwa lina mkono mdogo, mara nyingi mwekundu au wa njano. Mafundi wa huku wanauita klachi. Ukiwa umefungwa, mota imeshikana na gurudumu na breki imo humo humo: ukiachia joistiki, kile kijiti cha kuendeshea, kiti kinasimama na kujifunga chenyewe, na ukizima swichi kinabaki kimefungwa, hata kama uko kwenye mteremko. Ukilegezwa, kiti kinasukumika kwa mkono, lakini breki huna. Huna kabisa, Rukia. Uwashe, uzime, upige kelele, hakuna kitu cha kukizuia. Na viti vingi vikiwa hivyo hukataa kwenda, taa zinapepesa tu, basi watu wanasema kimeharibika.

Mwaka juzi nilikwenda kwenye jengo moja la ofisi hapa Dar, silitaji. Mlangoni wamejenga njia ya mteremko ya viti, na wanajivunia. Hesabu unayoijua ni sentimita 1 ya kupanda kwa sentimita 12 za kwenda mbele. Pale kuna ngazi tatu, za kama sentimita 15 kila moja, yaani walitakiwa wajenge mita 5 na zaidi. Wao walijenga fupi kama ulimi. Nikapanda taratibu, katikati kiti kikapunguza mwendo kidogo. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akasema mama ngoja nikusaidie, na kabla sijafungua mdomo ameshainama na kulegeza klachi zote mbili. Aliwahi kuona wakifanya hivyo kwa mgonjwa mwingine. Kiti kikaanza kurudi nyuma, yeye kakamata mpini mmoja anaburuzwa na viatu vyake vilivyong'arishwa. Kilichotuzuia ni bajaji iliyoegeshwa chini, dereva wake anakula mahindi ya kuchoma. Muhindi ukaruka ukatua mapajani mwangu. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza muhindi wake analipa nani.

Tucheke, lakini nyuma ya ile bajaji kulikuwa na barabara.

Kwa hiyo Alhamisi hiyo badala ya Mgandini, ita watu wa nyumbani wote, uwaonyeshe klachi, na uwaambie haiguswi ila wewe umesema, mahali tambarare, na mtu keshashika kiti. Mimi nimefunga vitambaa vyekundu kwenye zangu. Na jizoeze kusema "usiguse, ahsante" kwa sauti ya juu bila kuona haya. Sisi tumelelewa kupokea msaada kwa kuinamisha kichwa, ndiyo maana watu wanatunyanyua kama magunia kabla hata hawajatusalimu.

Mikono mingine ni ya wanaokupenda. Hiyo dawa yake ni swichi. Ukisimama, zima. Umefika dukani, zima. Simu inalia, zima. Unahamia kitandani, zima kwanza ndipo uegemee mkono wa kiti. Mwulize Mwajuma juu ya shangazi wa bwana harusi aliyemkumbatia huku kifua kimelalia joistiki: waliondoka wote wawili mpaka kwenye meza ya keki. Na watoto wa Halima, najua wanavyopenda kukalia kila kitu. Kiti chako kikiwa na funguo, lala nayo. Kama hakina, kilale kimezimwa, kimegeukia ukuta.

Ndani ya nyumba weka mwendo wa chini kabisa. Kuna kitufe au kirungu cha spidi karibu na joistiki, na ndani hakivuki alama ya kwanza. Vaa viatu, Rukia. Nakujua utasema nani anavaa viatu ndani. Wewe. Magurudumu makubwa ya kiti chako yako nyuma, kwa hiyo ukikata kona miguu ndiyo inayozunguka kwa upana, na vidole vinakwangua fremu ya mlango. Mimi ningepiga yowe. Wewe huna hisia kuanzia kiunoni, utakuja kuona damu jioni. Ukiingia mlangoni usikate mapema, subiri mpaka magurudumu ya nyuma yakaribie usawa wa kona. Mkeka wa sebuleni uondoke, yale madogo ya mbele yanauvuta na kuuviringisha. Kanga pia, pindo likining'inia upande linavutwa na gurudumu, na linakuvuta na wewe. Na chungu cha moto usikibebe mapajani hata kwa hatua mbili kutoka jikoni, sababu ni ile ile ya hisia. Jiko la mkaa liwe na upande wake na kiti upande wake.

Kuchaji: kama betri ni za asidi zile za jeli, zichaji kila usiku uliokitumia, usingoje ziishe. Zikilala tupu zinakufa. Umeme ukikatika usiku kucha, kesho yake hutoki, basi. Chumba kiwe na hewa, chaja isifunikwe nguo, na kiti kisikae kikiziba mlango mnaotokea. Ikiwa ni lithiamu, ukiiona imevimba au inanukia, itoke nje ya nyumba, usiichaji tena.

Nje sasa. Tanga yenu tambarare, mna bahati, na watu wa Ngamiani wamezoea baiskeli, wanajua kupisha. Shida yenu mitaro. Ukipita juu ya chuma chenye matundu au ufa wowote, pita umenyooka, usiukate mshazari, magurudumu ya mbele yatageuka yazame. Mteremko hivyo hivyo, panda umenyooka, shuka umenyooka, polepole, mkanda umefungwa. Hapa Dar napanda mwendokasi, tangu ilipoanza 2016 ndio usafiri pekee ninaoingia bila kubebwa kwa sababu jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi, na hata pale kwenye lile pengo naingia nimenyooka. Saa za watu kutoka kazini siingii, nakaa nanunua karanga.

Kikapu usitundike nyuma. Naona tayari nazi nane na samaki wa Bi Mwanaisha wananing'inia kwenye mpini. Uzito ukiwa nyuma, ukipanda hata kilima kidogo kiti kinataka kulala chali. Yale magurudumu mawili madogo ya nyuma kabisa ndiyo yanayokizuia, na kuna fundi mmoja huku aliwahi kumshauri mtu ayang'oe kwa kuwa "yanagusa gusa chini". Yaache. Mzigo mapajani, au chini ya kiti kama pana nafasi, na ukipanda inama mbele kidogo.

Mchanga wa Raskazone usiuguse. Ukizama usiendelee kusukuma joistiki, mota zinachemka na magurudumu yanajichimbia kaburi. Rudi kwa njia uliyojia. Mvua ikikukuta, cha kufunika kwanza ni joistiki, kichwa chako baadaye. Mimi natembea na kofia ya kuogea, ile ya nailoni yenye lastiki, inakaa pale sawasawa. Watu wanacheka, na wacheke.

Halafu hiki kiti hakina sauti. Wenye miguu hawakusikii ukija na wenye magari hawakuoni, umekaa chini ya usawa wa vioo vyao. Nguo ya rangi kali, kibendera cha njano kwenye fimbo, honi uipige bila aibu. Maandishi ya kiwandani kuhusu kilomita kinazokwenda usiyaamini. Ni za barabara laini na betri mpya. Taa za chaji zikifika nusu, geuza kichwa nyumbani. Yule Mkanada George Klein, mhandisi aliyewatengenezea kiti cha umeme askari waliojeruhiwa Vita Kuu ya Pili, ninamwombea rehema, ila sidhani kama aliwahi kuvuka mtaro wa Temeke wakati wa masika.

Nimesahau kukaa kwenyewe. Kwa kuwa hutachoka mabega, utakaa saa nyingi bila kujisogeza, na vidonda vya kukaa havina taarifa. Kila nusu saa jiinamishe mbele au upande, tako lipumue. Na hicho kiti kilikuwa cha mtu mwingine, mapaja yake si yako. Kabla hujakizoea vibaya, mwombe kaka akupeleke kwa mtu aliyesomea viti. Kule Moshi, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC, wamefundisha watu kazi hiyo, na waliohitimu wako mikoani. Akupime upana, urefu wa kukanyagia, na mto.

Narudi kwenye mikono, univumilie. Siku utakayopanda gari, konda au utingo atakwambia "kaa hivyo hivyo mama, tutakubeba na kiti chako". Kataa. Unashuka kwanza, kiti kinazimwa, betri zinatolewa kama zinatoka, na kinashikwa kwenye fremu. Wakikishika pale pa kuwekea mikono au miguu panachomoka, wao wanabaki na kipande, kiti kinaanguka. Na kikishushwa, kitu cha kwanza unachokagua ni klachi, maana yeyote aliyekisukuma ndani ya gari aliilegeza, na hakuna atakayekumbuka kuirudisha.

Nimeandika mengi, na mkono umechoka. Haya nijibu. Kibandiko cha chaja kinasemaje? Klachi umeziona, ziko juu au chini? Mlango wa chumbani kwako una upana gani, umepimwa au mnakisia? Nani atakuwa anakaa na wewe mchana Halima akienda kazini, si Kassimu tafadhali? Kile kizingiti cha uani mlikitoa au bado mnakiruka? Mama hajambo mguu? Na Mwajuma, ni kweli karudiana na yule bwana, au ni maneno ya Bi Mwanaisha? Na machungwa ya Muheza uliyoniahidi tangu Ramadhani, yanakuja kwa basi au yanakuja kwa miguu?

Mimi Jumamosi ya wiki ijayo naweza kupata lifti ya kuja Tanga na kurudi Jumapili. Ukinisubiri, Mgandini tunakwenda wote, viti viwili, Bi Mwanaisha aone vizuri. Utanisubiri?

Mwenzio,
Asha