Chanjo ya kansa ya damu: majibu yetu kwa wateja wa labo

Mama mmoja wa Kadutu alikuja kwetu na mtoto mgongoni. Alikuwa amesikia kwamba Ulaya kuna chanjo ya kansa ya damu, akaomba mtoto achanjwe kabla hajaugua. Tulikaa naye kitambo, na tumeona tuwaandikie na ninyi wengine.

Mama, chanjo hiyo si kama ya surua. Hupewa mtu aliyekwisha kuugua, na hutengenezwa kwa damu yake mwenyewe. Mwilini mna seli za dendriti, ambazo Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza mwaka 1973 huko New York. Hizi ni wapelelezi: hunasa kipande cha adui, hukipeleka kwenye tezi (zile zikivimba tunasema mtoto ana mitoki), na huko huwaonyesha askari wa mwili ni nani wa kuua. Shida ya lukemia, yaani kansa ya damu, ni kwamba adui ni seli ya damu iliyoharibika, mtoto wa nyumbani, na askari humpita bila kumshuku. Basi wataalamu huchuja seli nyeupe za mgonjwa, huzilea kwa takriban juma moja hadi ziwe za dendriti, huzipa alama ya kansa, kisha humrudishia kwa sindano. Antwerp, Ubelgiji, wameijaribu kwa wagonjwa wa lukemia kali baada ya kemoterapi (dawa za kuua seli za kansa), ili kuwinda mabaki yanayorudisha ugonjwa. Kuna waliokaa miaka bila kuugua tena. Wengine haikuwafaa.

Ni utafiti bado. Kwa hiyo akija mtu na chupa ya chanjo hiyo, msitoe hata franka moja: dawa inayotoka katika seli zako haiwezi kuwa imekungoja dukani. Familia moja ilitufikia ikiwa imeshauza shamba. Iliniuma sana.

Sisi tunafanya NFS, yaani kuhesabu chembe za damu, na kuangalia tone la damu kwenye kioo kwa hadubini. Mtoto akipauka, homa ikikataa kuisha ingawa malaria imetibiwa, fizi zikivuja damu, mleteni. Tukiona seli changa zisizostahili kuwa kwenye damu, tunampigia daktari wake siku ileile. Kuthibitisha ni kazi ya hospitali, kwa kipimo cha uboho.

Si lazima mtoto aje na njaa. Leteni na majibu ya zamani, hata karatasi iliyokunjamana, tulinganishe hesabu.