Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu: friji ya mdogo wangu iko jikoni kwangu

Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Jamhuri ya Kenya,

MINT: Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, na vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuadhibu mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume

Mheshimiwa, naandika kukiri kosa. Siku ya tatu baada ya kumzika mdogo wangu, tulifika kwenye nyumba aliyokuwa amepanga Mtwapa, watu saba na pikapu ya kukodi. Tulibeba friji, meko ya gesi na mtungi wake, televisheni, kitanda, kabati la nguo, hata mapazia. Jikoni palikuwa na sufuria ya maharagwe ambayo hayajaiva. Baba mdogo aliyamwaga nje mchangani ili sufuria nayo ipakiwe. Mimi nilishika friji upande wa chini.

Mwenye maharagwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Hakusema neno. Alikuwa ameishi na mdogo wangu miaka 11.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema asiye na mamlaka ya kisheria asiguse mali ya marehemu. Akiigusa ametenda jinai: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sisi hatukuwa na karatasi yoyote ya mahakama. Na hakuna aliyetushtaki, wala hatukuogopa kushtakiwa, kwa sababu tulijua yule hawezi.

Hebu mfuate mpaka kituo cha polisi. Afisa wa zamu anafungua OB, daftari la matukio, na kumuuliza, marehemu alikuwa nani wako? Akijibu rafiki, ataulizwa ni rafiki gani huyo anayedai kitanda. Akisema ukweli, basi amejipeleka mwenyewe mbele ya kifungu cha 162, miaka 14, na cha 165, miaka 5. Alikuja kushtaki wizi, atarudi nyumbani akiomba Mungu wasimfuate. Unaweza kuniambia kwamba siku hizi ni wachache wanaofungwa kwa vifungu hivyo. Huenda. Lakini sisi hatukuhitaji afungwe. Ilitutosha kwamba anaweza kufungwa.

Usidhani hatukujua mapema. Kila Krismasi walikuja pamoja Kaloleni, yeye amebeba unga na sukari, mdogo wangu amebeba maneno mengi kama kawaida yake. Mama alimwita mwanangu, akamtuma maji kisimani kama anavyotutuma sisi. Watoto wangu walimwita Anko. Neno shoga halikutajwa katika boma lile hata siku moja, muda wote ambao unga ulikuwa unaingia. Lilikuja kutajwa kwenye hanga, yaani matangani, na baba mdogo, kwa sauti, mbele ya majirani. Mama aliangalia chini. Mimi nilikuwa na kijiko cha kupakulia mkononi, nikaendelea kupakua. Kuanzia hapo hakuna aliyemletea sahani, na alikuwa amelala sakafuni wodini wiki mbili akimuuguza ndugu yetu.

Kuhusu hiyo wodi. Kwenye fomu, pale pa jamaa wa karibu, aliandika binamu. Niliona kwa macho yangu. Baadaye nikakuta karatasi nyingine za miaka ya nyuma, za kliniki, na kote ni binamu, mwandiko uleule. Ulipofika wakati wa kutia sahihi ya upasuaji, muuguzi alimtazama, akasema binamu hatoshi, aitwe ndugu wa tumbo moja. Nikapigiwa simu, nikapanda matatu kutoka Kaloleni. Nilitia sahihi jioni. Sisemi angepona kama sahihi ingetiwa asubuhi. Nasema mtu aliyejua dawa zake zote kwa majina alikuwa palepale tangu asubuhi.

Wakenya wa rika langu wanakumbuka kesi ya S. M. Otieno. Wambui alikuwa mke wa ndoa ya sheria, na bado mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo maiti ya mumewe ikazikwe Nyalgunga. Ikiwa mke mwenye cheti alishindwa, binamu wa kwenye fomu angedai maiti kwa mdomo gani? Hakudai. Aliuliza tu kama anaweza kupanda gari la jeneza. Aliambiwa limejaa.

Wakili niliyemwendea baadaye aliniambia kwamba mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kumwachia mali yake yeyote kwa wosia. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Urithi hiyohiyo. Vizuri. Ila kwetu kuandika wosia ukiwa na miaka 38 ni uchuro, na wosia unataka mashahidi wawili watakaosoma nyuso zenu. Watu walioishi kwa kujificha hawaalikani mashahidi.

Siombi ndoa, Mheshimiwa. Najua Ibara ya 45(2) ya Katiba inazungumzia mtu wa jinsia tofauti, na najua mchungaji wangu atakachosema Jumapili akiisoma barua hii. Lakini Mei 2019 Mahakama Kuu ilipokataa kufuta vifungu vya adhabu, hofu mojawapo iliyotajwa ilikuwa hiyohiyo ya kufungua mlango kwa watu wa jinsia moja kuishi pamoja. Mlango gani? Walikuwa wanaishi pamoja tayari, wakilipa kodi ya nyumba kila tarehe tano.

Tena mahakama zetu si ngeni kwa nyumba za namna yake. Mwaka 2011, hapahapa Mombasa, Mahakama Kuu ilitambua ndoa ya Kinandi ya mwanamke kumwoa mwanamke, kwa ajili ya urithi. Haikuwa habari ya mapenzi, ilikuwa mila ya kutafuta mrithi, nakubali. Ila jaji hakuuliza nani analala wapi. Aliuliza nani alikuwa wa nyumba ile. Na Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua watu kama mdogo wangu wana haki ya kusajili shirika lao. Kwa hiyo wanaweza kusajili shirika, lakini wawili hawawezi kuandika kwenye fomu ya hospitali kwamba huyu ndiye wangu.

Wewe ndiye mshauri mkuu wa Serikali katika sheria. Ishauri ilete bungeni mswada wa kuondoa adhabu kwa watu wazima waliokubaliana. Kama hilo ni zito mwaka huu, basi mgonjwa aruhusiwe kutaja amtakaye kuwa jamaa wa karibu, na neno lake litoshe. Na mtu anayeripoti wizi wa mali ya marehemu asiulizwe alikuwa analala kitanda gani.

Friji nimeiosha, haijawashwa. Nimempigia yule kijana mara nyingi, namba haipatikani. Mwenye nyumba anasema alihama. Shilingi 10,000 nimeziweka kando. Niko tayari kwenda kituoni kuandikisha maelezo yangu na kuwataja wenzangu sita. Lakini wakili anasema kesi itamhitaji yeye kama shahidi. Niambie, Mheshimiwa, akijitokeza, utamhakikishia kwamba atatoka mahakamani kwa mlango uleule alioingilia?

Wako,
Dada wa marehemu
Kaloleni, Kaunti ya Kilifi