Majibu ya Mama Pacha

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Habari za baridi ya huko sikuulizi, utanijazia kurasa mbili bure. Sisi wazima, mvua imekata njia ya kwa shangazi, na yule jogoo wako niliyeachiwa nimlee tulimla Idi. Nisamehe.

Sasa nakuja kwenye lililonikosesha usingizi. Jana Mama Pacha kanikuta gengeni nachagua nyanya. Salamu hakuna. "Damu ya wanangu imefika wapi?" Mbele za watu! Mwaka wa pili huu tangu uwatoe pacha wake damu ya utafiti wako, na mimi ndiye niliyekaa naye mkekani nikamwambia huyu mtafiti ni mtoto wa hapahapa, hatakutupa. Nikababaika, "bado wanaifanyia kazi". Muuza nyanya akaguna.

Ungemwona Kulwa. Akitaka kuinuka chini anageuka kifudifudi, anasukuma makalio juu, kisha mikono inapanda: magotini, mapajani, anajikwea mwenyewe mpaka asimame. Vigimbi vimejaa utadhani beki wa Coastal Union. Miaka saba tu. Doto bado anakimbia, ila juzi kaanguka mara mbili pasipo na jiwe.

Halafu nasikia kwa Chichi kwamba unataka kuacha utafiti. Ati hakuna anayetoa pesa kwa ugonjwa wa watu wachache. Pengine ni kweli, mimi wa cherehani nitajua nini.

Lakini wewe ndiye uliyenipigia kelele za Nancy Wexler, yule mtafiti wa Marekani, tangu bwenini, mpaka nikazijua kwa moyo. Mama yake kagundulika mwaka 1968 ana Huntington, ule ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo taratibu, naye kaambiwa kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Kuanzia 1979 akawa anakwenda kila mwaka kwa wavuvi wa Ziwa Maracaibo, kule Venezuela, ambako ugonjwa huo umeshamiri, anachukua damu na kuandika nani kazaa nani, hadi ukoo ukapita watu 18,000. Mwaka 1983 wakajua jeni ya ugonjwa imo kromosomu ya 4, yaani kimoja cha vile vifurushi vinavyobeba jeni. Jeni yenyewe wakaipata 1993. Mtaa umeujua, nyumba unaitafuta miaka kumi! Na wewe unalia na miwili.

Nilichokipenda mimi si kromosomu. Ni siku ile wanakijiji waliposita kutoa kipande cha ngozi, nesi akamshika Nancy mkono, akawaonyesha kovu: na huyu katolewa, na huyu mama yake alikuwa nao. Watu wakalegea. Miaka mingi akiulizwa kama amepima hasemi, mpaka 2020 akatamka kwamba anao.

Ingawa nina langu la kulalamika. Wale wavuvi wamepata nini? Kipimo kipo, dawa ya kuuponya hakuna. Walau yeye alikuwa akirudi. Wewe umerudi mara ngapi? Basi, nimeshasema.

Narudi kwa Mama Pacha, maana hofu yangu haiko kwenye kuchelewa peke yake. Ulinieleza ugonjwa wa misuli kama huu wa Kulwa mara nyingi mtoto wa kiume huupata kupitia kwa mama, naye mama mzima wa afya, na mara nyingine unaanzia kwa mtoto mwenyewe. Haya, ikitoka kwamba umepitia kwake? Mkwewe tangu zamani anasema upande ule una mkosi. Wewe ukitamka "amebeba", mkwe atasikia "ameleta". Hiyo karatasi ikija kwa simu, nikasomewe mimi nikamfasirie, siwezi. Nakuapia siwezi. Na yule binti yao mdogo, naye ataambiwa lini kuhusu wanawe ambao hata hajawa na...

Basi niambie. Majibu yapo au hayapo? Kama hayapo, damu iko wapi, kwenye jokofu la nani? Ukiacha kazi, nani ataifungua? Utakuja Desemba, hata wiki moja, ukakae naye mkekani wewe mwenyewe? Mumewe awepo, au tumtafutie safari ya Pangani siku hiyo? Na nimwambie nini Jumanne, maana siku ya gulio lazima tutakutana?

Shoga yako