Kwako mwana wa shangazi: roshani ya Ndia Kuu iache

Mwana wa shangazi,

Salamu nyingi huko Muscat. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili: roshani ing'olewe, madirisha yawe ya alumini, kuta zipigwe saruji, nyumba ikodishwe. Nakujibu hadharani kwa kuwa si wewe peke yako. Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, imejaa warithi walio mbali.

Jana alasiri nilitembea kutoka Ngomeni hadi kwetu. Njia hii iliitwa kuu kwa haki yake: inaanzia kwenye ngome ya Wareno, iliyoanza kujengwa 1593, na kuelekea bandari ya kale. Lakini haya majumba yenyewe si ya Wareno, na mengi si ya zama za Mazrui, watawala wa zamani wa Mombasa, kama unavyowahadithia watu huko. Ni ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa 20, wafanyabiashara wa Kihindi walipoweka duka chini, makazi juu, na roshani za nakshi zikaning'inia juu ya njia.

Yetu imebebwa na mikono miwili ya msaji. Wa kushoto umeliwa, kidole changu kiliingia hadi kifundo. Wa kulia mzima, maua yake yote yapo, hata lile dogo la pembeni lililochongwa upande. Fundi atautazama huo achonge mwenziwe. Basi kilichooza ni kipande kimoja, nawe wataka kung'oa roshani nzima! Bibi aliteremshia hapo kikapu kwa kamba, muuza mkate wa mofa akatia, kikapanda.

Na saruji usiitaje tena. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu kisha ukautoa. Ukiuziba, maji na chumvi hubaki ndani, plasta ikabanduka vipande vipande, kamuulize jirani. Vyumba vyembamba unavyovilalamikia navyo si kosa la fundi: upana wake ni urefu wa boriti ya mkoko.

Isitoshe Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, huwezi kubomoa bila kibali.

Fundi anakuja Jumamosi. Nitumie pesa ya ubao mmoja na magunia ya chokaa. Hiyo alumini, kama umeshaiagiza, itafaa kwenye nyumba yako ya Nyali.