Semeni nani kalipia utafiti wa lishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu habari za "utafiti umebaini" zinazohusu chakula. Tunasoma kwamba unga fulani unakuza ubongo wa mtoto, au kinywaji fulani hakina uhusiano na unene. Chuo kikuu kinatajwa, na profesa anatajwa. Aliyetoa fedha hatajwi. Mimi ni afisa lishe, na habari hizo hunifikia kliniki zikiwa kwenye simu ya mama anayetaka kujua kama aache uji wa ulezi anunue wa kopo.

Sipingi kampuni za vyakula kushirikiana na watafiti. Takwimu za 2022 zinaonyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini mwetu Tanzania wamedumaa. Nchi yenye hali hiyo haiwezi kufukuza fedha na maabara. Tena upo ushirikiano wa kupigiwa mfano hapa jirani, Nairobi. Mars, kampuni ya chokoleti, iliungana na ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto, na NEPAD, chombo cha maendeleo cha Umoja wa Afrika, pamoja na Chuo Kikuu cha California kule Davis na wengineo, wasome vinasaba vya mimea 101 ya chakula ya Afrika ambayo sayansi iliipa kisogo. Njugu mawe na mlonge ni miongoni mwake. Matokeo yanawekwa hadharani, kiasi kwamba mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine akiyataka anayachukua bure, na tangu 2013 wataalamu wa mbegu wa Kiafrika wamekuwa wakipata mafunzo palepale Nairobi. Zaidi ya hayo, hakuna jibu la utafiti ule linaloweza kupunguza mauzo ya chokoleti. Hilo kwangu ni jambo kubwa.

Hali hubadilika pale jibu linapogusa bidhaa yenyewe. Mwaka 2014 Coca-Cola ilitoa dola milioni 1.5 kuanzisha kundi la wanasayansi lililoitwa Global Energy Balance Network. Kundi hilo likawa linasisitiza mazoezi, likisema watu wanalaumu mno vyakula na vinywaji. Agosti 2015 gazeti la New York Times lilianika mambo, ikiwemo kwamba tovuti ya kundi ilisajiliwa kwa makao makuu ya Coca-Cola, Atlanta. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Colorado kilirudisha dola milioni moja, na kundi likavunjika.

Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge na wenzao walichapisha uchambuzi wa mikataba kati ya Coca-Cola na vyuo vikuu vya Marekani na Kanada, waliyoipata kwa sheria za haki ya kupata taarifa. Mlikuwa na vifungu vinavyoipa kampuni nafasi ya kuyaona matokeo kabla ya kuchapishwa, na vingine vya kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Hawakupata mfano wa wazi wa matokeo yaliyozimwa, na ni haki kulisema hilo. Lakini mtafiti anayejua kwamba mfadhili anaweza kuondoka kesho na fedha zake hahitaji kuambiwa aandike nini.

Wala si lazima mtu adanganye. Ukitaka uji wa kopo ushinde, ulinganishe na uji mweupe wa sembe usio na kitu. Utashinda, tena kwa haki, na namba zitakuwa sahihi. Ulinganishe na uji uliotiwa dagaa wa kusaga na karanga, kama tunavyowafundisha akina mama, hapo ndipo tungejifunza kitu. Nani aliamua ulinganishwe na upi? Swali hilo ndilo linalotakiwa kuulizwa na mwandishi wako kabla habari haijachapwa, kwa sababu mama wa kliniki hana namna ya kumpata profesa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mstari mmoja katika kila habari ya utafiti wa chakula: nani alilipia, na chakula kililinganishwa na nini. Mtafiti akikataa kujibu, andikeni kwamba amekataa.

COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), wanaotoa vibali vya utafiti, nao naomba wavitangaze vifungu vitatu vya mkataba wowote kati ya kampuni ya chakula na taasisi ya utafiti: takwimu ni mali ya nani, nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi, na nani anaamua matokeo yachapishwe. Kampuni iwe na siri ya namna inavyopika bidhaa yake, sina neno. Matokeo ya vipimo vya damu na urefu wa watoto wetu hayawezi kuwa siri ya kampuni.

Afisa Lishe,
Morogoro